Andika "xaxa" kwa beshte, si kwa mtahini

Matokeo ya KCSE yakitoka, hakosekani mzazi au mwalimu wa kusema simu ndiyo imeua Kiswahili. Eti tumeandika "xaxa", "cjui" na "2ko wapi" mpaka tahajia imetutoka kichwani. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina mhadhara wa kukupa. Nina hoja moja tu: fupisha unavyotaka, mradi ujue wakati wa kuacha.

Kwanza tuambiane ukweli. Kuandika "cjui" kunataka akili. Lazima ujue kwamba C ya Kiingereza husikika "si" na 2 husikika "tu", kisha uzibandike kwenye neno la Kiswahili na msomaji akuelewe. Kule Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry walichapisha mwaka wa 2009 utafiti kuhusu watoto wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho kwa wingi kwenye arafa walielekea kuwa wazuri zaidi katika kusoma maneno. So hiyo stori ya kwamba kila anayefupisha ni mjinga, tuiache.

Tena vifupisho vilikuwa na sababu. Arafa moja ilibeba herufi 160, na kila arafa ilikula kredo. Kwenye mulika mwizi, kupata S ulibonyeza 7 mara nne, lakini X ulibonyeza 9 mara mbili tu. "Xaxa" ilipumzisha kidole. Leo uko WhatsApp, una bando, na S na X zote ni mguso mmoja. Sababu iliisha kitambo, mazoea ndiyo yamebaki.

Na mazoea hayo yana bei, hasa kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu hubeba maana nyingi kwenye irabu. Chukua "nmepta". Ni nimepata ama nimepita? "Umpe" na "ampe" zimetofautiana kwa irabu moja tu. Itupe, na hatujui tena ni nani anatakiwa kutoa pesa. Beshte wako atakisia kwa sababu anajua stori yote. Mtahini hakujui. Karatasi ya insha ina alama 40, na yeye husahihisha ulichoandika, si ulichokuwa ukifikiria.

Kinachoshangaza ni kwamba silabasi yenyewe inatuelewa kuliko wazee. Karatasi ya pili ina alama 15 za ufupisho na 10 za isimu jamii. Ufupisho unakutaka upunguze maneno bila kupoteza maana. Isimu jamii inakufunza kwamba lugha hubadilika kulingana na mtu, mahali na shughuli. Lugha ya matatu si ya mahakamani, na ya kwenye grupu si ya ofisini. Somo liko tayari. Halijaunganishwa tu na simu iliyo mfukoni.

Walimu, kunyang'anya simu pekee hakutoshi. Andikeni arafa ubaoni, kwa mfano "cwez kuja leo, nmeumwa", kisha wanafunzi waiandike upya kwa mwalimu mkuu, halafu kwa mwajiri. Dakika kumi tu, na darasa zima litaona tofauti.

Na wewe, usiache kuchat unavyochat. Lakini ukiomba kazi, nafasi ya chuo au basari, andika neno zima, weka nukta, kisha soma tena kabla ya kutuma. Siku hizi watu wengi huomba vibarua kwa ujumbe wa simu. Anayeupokea hajawahi kukuona, hajui una bidii kiasi gani, na ana jumbe zingine mia za kusoma. Akikwama kwenye "nmepta", atafungua ya mwingine.