Kitanda cha Dereva Si Zawadi ya Tajiri

Dereva mpya akikabidhiwa gari lenye kitanda, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba ana bahati. Wenzake hulala wamejikunja juu ya usukani, yeye amepewa chumba. Chumba chenyewe ni ubao nyuma ya viti viwili, umetandikwa godoro la sponji lililokwisha kubonyea katikati, na upana wake unamtosha mtu mmoja aliyelala kiubavu. Dereva hushukuru. Miezi miwili baadaye mgongo unamuuma, macho ni mekundu, naye bado anashukuru, kwa sababu gari ni la tajiri na kazi ni ngumu kupata. Ndugu zangu, naomba tuzungumze juu ya kitanda hicho, maana katika vikao vyetu hutajwa mshahara na bima, nacho hakitajwi kabisa.

Nasema hasa juu ya barabara ya ziwa, RN3, itokayo Bujumbura kupitia Gitaza, Magara na Rumonge hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina, ambako ng'ambo ya pili ni Manyovu. Bugarama ninayoitaja ni hii ya Magara, katika uliokuwa mkoa wa Rumonge, si ile ya Muramvya zinakokutana barabara za RN1 na RN2. Madereva wageni huzichanganya, na kumbe moja ni ya joto na nyingine ni ya baridi ya kutetemesha.

Toka Bujumbura hadi Rumonge ni kama kilomita 75 tu, na mtu wa ofisini hushangaa dereva atalalaje njiani katika safari fupi namna hiyo. Ajaribu yeye. Mwezi Machi 2015 mlima uliporomoka upande wa Gitaza, ukabomoa nyumba na kuikata barabara. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilomita 45, kilihitaji fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, zilizoidhinishwa mwaka 2018, ili kitengenezwe upya. Ongeza kungoja karatasi za forodha, kungoja mapipa ya mawese yajae, na kungoja dizeli katika miaka hii ya uhaba wa mafuta nchini Burundi. Mwenye kutoka Dar es Salaam amekwisha kuacha nyuma zaidi ya kilomita 1,500 kabla hajaliona ziwa. Kwa mtu huyo kabini ndiyo nyumba, na nyumba hupangwa.

Adui mkubwa wa usingizi hapa ni joto. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na bati la kabini lililopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa moto hadi usiku wa manane. Ukifunga vioo unaokwa. Ukifungua, mbu wanakula na mwizi anaingiza mkono. Dawa ni kipande cha chandarua kilichokatwa kwa kipimo cha mlango na kushonwa mpira pembeni, kikavishwa mlangoni kama soksi. Mlango ukifungwa kinabanwa, na kioo unakishusha vidole vinne tu. Fundi yeyote wa cherehani sokoni Rumonge atakushonea huku unangoja. Fanya hivyo kwa milango yote miwili. Barabara hii hufuata ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo gari lililoegeshwa sambamba nayo huwa na dirisha moja la mlimani na jingine la ziwani. Na usiku upepo hushuka kutoka milimani kwenda majini. Wenye kuegesha hovyo huukosa upepo huo wa bure, kisha huwasha injini ili wapate feni. Moshi wa injini ukiingia kabini hauna huruma, hali kadhalika moshi wa jiko la mkaa ambalo wengine huliingiza ndani siku ya mvua ili chai ichemke. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Jiko likae nje. Dumu la petroli nalo likae nje, hata kama umelitafuta siku tatu.

Mahali pa kuegesha ni shida, kwa sababu milima imelisogelea ziwa na sehemu tambarare ni chache. Wakati wa mvua usilale chini ya ukingo uliochongwa, hata kama pana kivuli na mama anauza ndagala. Wala usiende karibu mno na maji. Kiboko hutoka usiku kula majani, na mamba wamo. Oga nchi kavu kwa maji ya ndoo, kwani ziwani pia kuna kichocho, na maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa, maana Rumonge imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja. Na blanketi lisitoke garini. Kesho yake huenda ukapandishwa ile Bugarama ya pili, zaidi ya mita 2,000 juu, na shati lako la ziwani halitakusaidia kitu.

Kitanda nacho kisigeuzwe stoo. Naona makabini ambamo juu ya godoro kuna spana, galoni la oili, gunia la sukari na vifurushi vya jamaa wa watu watatu, na dereva analala kwenye ncha iliyobaki. Spana zina sanduku lake nje. Vifurushi vina mwenyewe.

Haya yote dereva anaweza kuyafanya peke yake. Lakini liko jambo ambalo hawezi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Gari lenye kitanda likinunuliwa, posho ya kulala hufutwa. Tajiri husema: una kitanda, hoteli ya nini? Hesabu inaonekana ya haki mpaka uulize dereva hufanya nini usiku kucha ndani ya kabini hiyo. Anasikiliza kama turubai linakatwa. Anashuka mara tatu kuangalia tangi la mafuta. Mzigo ukiibwa, yeye ndiye wa kwanza kuhojiwa, na mara nyingi hukatwa mshahara. Huo ni ulinzi, ndugu zangu. Tajiri ameokoa fedha ya chumba, ameokoa na mshahara wa mlinzi, na asubuhi anamtaka mlinzi huyohuyo aendeshe tani 30 kwenye kona za Magara, kushoto mwamba na kulia maji.

Mwaka 1979 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 153 juu ya saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabara. Kwa kawaida dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika. Jumla isizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki. Naye apate saa 10 za mapumziko mfululizo katika kila saa 24. Nchi zilizouridhia ni chache, na zetu za Afrika Mashariki hazimo. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walikwenda mbali zaidi mwaka 2020: mapumziko makubwa ya wiki, yale ya saa 45, dereva haruhusiwi kuyafanyia ndani ya gari, na gharama ya malazi ni ya mwajiri. Na hao wana makabini mapana kuliko vyumba vya kupanga vya baadhi yetu.

Wapo wazee wa barabara watakaosema kwamba wao walilala juu ya mahindi, wakafika. Walifika wale wanaosimulia. Sidharau ushujaa wao, ila sioni kwa nini uwe kipimo cha mkataba.

Kwa maoni yangu chama kidai kwamba usiku wa kulinda mzigo uandikwe kuwa ni kazi na ulipwe. Kwamba katika kila safari ndefu uwepo usiku ambao gari liko kwenye uwanja wenye mlinzi na dereva yuko kitandani kwenye nyumba. Na kwamba godoro na chandarua viwe katika orodha ya vifaa vya gari, pamoja na jeki na tairi la akiba. Tajiri hamwambii dereva ajinunulie jeki.

Kisha kuna utingo. Kitanda ni kimoja, kwa hiyo yeye hutandika mkeka chini ya trela, kati ya magurudumu, ili mvua isimpate. Gari likisogezwa alfajiri kabla hajaitwa, sote tunajua litakalotokea. Madereva wengi wa leo walianzia kwenye mkeka huo, lakini katika madai tunayoyapeleka kwa waajiri utingo hatajwi popote.