Nani atakata matawi katika shamba la aliyekimbia?

Ndugu wanamemba, yale majani mageni yanayoota juu ya matawi ya kakao si ya kakao. Ni mmea mwingine, kimelea. Hauna mizizi ya udongoni. Unatoboa gome na kunyonya maji ya mti. Jamaa yake ni msandali, ule mti wa marashi, ambao unaiba chini kwa chini, mzizi kwa mzizi. Wanaosoma jeni wanaona kwamba mababu wa vimelea hivi walianzia pale udongoni, kisha wakapanda juu. Ndugu yao mmoja wa Ulaya amepoteza hata baadhi ya jeni za kutengeneza nguvu ndani ya seli. Mvivu kabisa!

Basi ukikwanyua majani tu, umefanya kazi ya bure. Kinachonyonya kiko ndani ya mti, kitachipuka tena. Kata tawi lenyewe, chini ya pale kiliposhika.

Tena ndege wanakula matunda yake, mbegu yenye gundi inanata kwenye tawi lingine. Ndege hajui mpaka wa shamba. Hapa Komanda wengi wamekimbia vita, mashamba yao hayaoni panga. Jirani aliyebaki anakata kwake, mbegu zinarudi. Na akiingia kwa mwenzake na panga, kesho anaitwa mwizi wa kakao.

Kwangu mimi, kooperative iamue: siku moja, sisi wote, shefu wa lokalite na mtu wa familia wakiwepo, tukate kabla vimelea havijaivisha. Kakao yenyewe isiguswe. Wenye namba za simu za waliokimbia, waulizeni kabla ya mkutano ujao.