Sindano za makalio: Silikoni haikai pale ilipochomwa

Unachomwa leo, shepu unaiona wiki hiyohiyo. Matatizo yanaweza kuja miaka kumi baadaye, tena sehemu nyingine kabisa ya mwili.

Mwaka 2023 Colombia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku "biopolima", jina linalotumika huko kwa silikoni ya maji na vitu vingine vinavyochomwa kwenye makalio au midomo. Venezuela ilishafanya hivyo 2012. Hizi ni nchi zinazopenda sana mashindano ya urembo, kwa hiyo usidhani ni serikali zinazochukia wanawake kupendeza. Zimeona madhara. Mtangazaji wa TV wa Colombia, Jessica Cediel, amesimulia hadharani alivyohangaika kutolewa uchafu huo mwilini.

Shida ni kwamba silikoni ya maji haina mfuko wa kuishikilia. Seli za kinga zinameza matone yake, zinashindwa kuyamaliza, kisha zinayabeba kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye matezi ya kinena. Mengine yanashuka tu taratibu kuelekea mapajani. Mwili unajenga vinundu kuyazunguka, njia za limfu zinabanwa, mguu unavimba na kuwa mgumu. Watu wa Pwani wanaijua picha hiyo kwa jina la matende. Tofauti ni kwamba kwenye matende mishipa inaharibiwa na minyoo, hapa ni kitu ulicholipia mwenyewe.

Halafu kuna hospitali. Tezi lililovimba kwa silikoni linaweza kufanana na saratani, na kwenye ultrasound silikoni inaonekana kama ukungu unaoficha kila kitu nyuma yake. Mgonjwa akikaa kimya, daktari anaanza kutafuta uvimbe wa saratani. Na wengi wanakaa kimya, kwa sababu sisi mitandaoni kazi yetu ni kucheka "mchina" wa fulani. Mimi naona kejeli hizo zinachelewesha matibabu kuliko tunavyotaka kukubali.

Je, kuna sindano salama za makalio? Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya 2017 kwamba haijaidhinisha silikoni ya maji kwa kujaza sehemu yoyote ya mwili kwa urembo. Inaruhusiwa kwa matibabu fulani ndani ya jicho, basi. Hata fila halali za usoni, FDA haijaziidhinisha kwa makalio.

Fila za usoni zenye asidi ya hayaluroniki zina angalau dawa ya kuziyeyusha mambo yakiharibika. Silikoni haina. Inabaki kisu, na ikishapenya kwenye misuli, daktari wa upasuaji mara nyingi hawezi kuitoa yote. Kama ulishachomwa na mguu au kinena kinavimba, mwambie daktari ulichomwa nini, wapi na mwaka gani, kabla hajakuandikia kipimo chochote.