Bustani za Wakati wa Vita na Majani Nyuma ya Ofisi Zetu

Ndugu watumishi wenzetu wa Kang'ata, Handeni na Korogwe, twaomba radhi kwa kuleta habari ya chakula katika kurasa ambazo aghalabu husema habari za mishahara, vyeo na uhamisho. Walakini mengi ya malalamiko ya mishahara yanayotufikia ni malalamiko ya sokoni. Masika yakiisha na jua la kiangazi likishika, fungu la mchicha hukonda na bei yake hunenepa, na nyanya hungojwa zije kwa lori kutoka Lushoto. Wakati huo huo nyuma ya ofisi, nyuma ya shule na nyuma ya zahanati umelala uwanja mpana wa majani, ambayo twamlipa mtu kuyafyeka kusudi yaote tena.

Twakumbuka namna mataifa makubwa yalivyofanya yalipobanwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilikuwa ikila chakula kingi kilichotoka ng'ambo kwa meli, nazo meli zilikuwa zikizamishwa na manowari za Wajerumani. Serikali yao ikawaambia watu walime ili wapate ushindi, na viwanja vya starehe vya London, hata Hyde Park penyewe, vikatolewa sehemu zipandwe mboga. Marekani mwaka 1943 palihesabiwa bustani za namna hiyo kama milioni 20, na yakadiriwa kuwa zilitoa kama asilimia 40 ya mboga mbichi zilizoliwa nchini mwao. Waliolima hawakuwa wakulima tu. Walikuwamo makarani, walimu na wake wa askari, watu wa kalamu kama sisi.

Huku kwetu vita hivyo vilikuja kwa mlango mwingine. Wajapani walipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya Tanganyika ikawa tunu, na watu wakachukuliwa kwa amri kwenda kuikata katika mashamba ya wazungu. Mikono iliyokuwa ikilima mahindi ikawa inakata katani, na ukame wa 1942 na 1943 ukaongeza dhiki ya chakula katika Afrika ya Mashariki. Basi hatuombi mtu atamani siku zile. Twalichukua jambo moja tu, kwamba kiwanja cha serikali chaweza kulisha watu pindi wakubwa wanapokubali.

Yuko atakayesema kuwa jambo hili lilikwisha jaribiwa likashindwa, na neno lake lina haki. Ukame wa 1973 na 1974 ulipotupiga, ilitoka amri ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na watu wa mijini, maofisi, viwanda na shule wakaambiwa walime. Wengi walilima kweli. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilipoadimika, mtumishi wa miaka ya themanini aliyekuwa na kitanda cha mchicha na banda la kuku nyuma ya nyumba alikula vizuri kuliko mkubwa wake asiyekuwa navyo. Hayo hayakuwa ya amri. Yalikuwa ya njaa ya mtu mwenyewe na mboga yake mwenyewe, na kwa hiyo yalidumu. Mashamba ya pamoja, yale ya kulima bega kwa bega na kugawana baadaye, mahali pengi yaliachwa magugu, kwa sababu mwenye bidii na mwenye kusinzia walipata sawasawa. Tusirudie kosa hilo. Uwanja na uwe wa wote, ua na maji viwe vya wote, lakini kila tuta liwe na mwenyewe. Ndivyo zilivyo bustani za Fenway mjini Boston, zilizofunguliwa mwaka 1942 na ambazo hata leo zingali zikilimwa, kila mtu na kipande chake.

Maji ndiyo shida kubwa, na hatutaki kuipaka mafuta. Handeni si Usambara. Bomba kuu laleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, lakini kila mmoja wetu ajua ndoo za njano zilivyo na foleni yake. Kwa hiyo twashauri matuta ya kuzama, yaani kitanda kiwe chini kuliko njia badala ya kuinuka, kusudi tone la maji lisikimbie. Kitandikwe majani makavu juu, na kimwagiliwe jioni. Maji ya kuoshea mboga na vyombo yasimwagwe uani. Mabati ya ofisi zetu humwaga mvua nyingi ya vuli chini bure; mfereji mmoja na tangi moja chini yake vingetosha kuanzia. Tena tusianze na kabichi na vitu vya baridi. Tuanze na mnavu, mchunga, matembele, kunde na kisamvu, mboga ambazo wazee wa Kizigua wamezila na bada tangu zamani na ambazo zavumilia jua. Mbuzi wa jirani pia wazipenda, basi ua wa miiba utangulie mbegu.

Kuna jambo la uhamisho. Mtumishi hupanda mpapai, na kabla haujazaa hupewa barua ya kwenda Kilindi. Ndiyo sababu wengi wetu hukaa miaka mitatu katika nyumba ya serikali bila kuchimba shimo moja. Twapendekeza iandikwe katika daftari kwamba tuta la anayehama humwangukia anayekuja kushika kazi yake, naye anayehama alipwe mbegu na samadi alizozitia. Kidogo hicho kitaondoa uvivu mwingi.

Wakubwa wengine hawatapenda. Sisi tuliwahi kuomba kipande cha uwanja katika kituo kimoja, tukajibiwa kuwa majani yale ni urembo wa ofisi. Zamani katika miji mingi ya makoloni Mwafrika alikatazwa kupanda mahindi karibu na nyumba kwa hofu ya mbu; hofu ile imekwenda na walioileta, lakini ile tabia ya kuona aibu mbele ya tuta la mboga imebaki. Hatuombi mahindi marefu mbele ya bendera. Twaomba nyuma.

Wala tusimsahau mama auzaye mchicha njiani, ambaye sisi ndio wanunuzi wake. Tukilima sote, yeye atauza kwa nani? Hatuna jibu kamili. Twaona afadhali miche na mbegu tununue kwake, naye apewe tuta kama wengine akitaka, maana ajua udongo wa Kang'ata kuliko sisi sote tuliokuja na mabegi.

Vuli huanza Oktoba. Anayetaka tuta ampe katibu jina lake kabla ya mwisho wa Agosti, aseme yuko ofisi gani, na kama ana jembe au hana. Barua ya kuomba uwanja tumekwisha iandika. Yangojea majina tu.