Mtindi Hauoshi Figo

Juma lililopita tulikwenda kumzuru mgonjwa wa figo hapa Kasulu, na mzee mmoja mwenye heshima zake akawausia jamaa wampe mtindi kwa wingi, asubuhi na jioni, upate kuosha figo na kutoa sumu mwilini. Wote wakaafiki, hapana aliyeuliza majibu ya damu yanasemaje. Binti akainua kibuyu, akajaza kikombe cha plastiki cha nusu lita, akatia sukari, akampa baba yake, ambaye miguu imemvimba hata ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

Dhana hii, iliyoenea toka Kasulu hata Kibondo, ni batili, na inaua. Mtindi hauendi kusugua figo. Hushuka tumboni, ukasagwa, na yaliyomo yakaingia katika damu, ambayo figo hiyo hiyo ndiyo yenye kazi ya kuichuja. Kikombe cha gramu 245 kina karibu miligramu 380 za potasiamu na 230 hivi za fosforasi. Figo nzima hutoa ziada kwa mkojo pasi taabu. Figo iliyochakaa hushindwa, fosforasi ikabaki ikidhoofisha mifupa na kuwasha ngozi usiku kucha, na potasiamu ikizidi mno moyo huweza kusimama ghafla. Mgonjwa ambaye fosforasi imempanda aghalabu huambiwa asivuke miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku. Nusu lita ile imekwisha kula karibu nusu ya kadiri hiyo kabla maharage ya mchana hayajaepuliwa. Figo ndiyo mfuaji, na mfuaji aliye hoi hasaidiwi kwa kuongezewa mzigo wa nguo.

Nikajibiwa kwamba babu zetu Waha walikunywa maziwa mgando maisha yao yote wakazeeka. Hoja gani hii! Waliozeeka walikuwa na figo nzima. Waliokufa kwa figo hakuna aliyewaandika, ilisemwa tu kwamba wamerogwa.

Na maadamu tumo katika habari hii, sitanyamazia vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa madukani bila cheti wala swali. Mkulima wa mihogo mgongo humwuma, akavimeza miezi na miezi, ilhali ni miongoni mwa dawa zinazoziumiza figo, na shinikizo lake la damu hajapata kulipima hata mara moja. Figo zikishindwa kabisa, ndipo ukoo mzima unapochangishana nauli ya kumpeleka hospitali ya Bugando, Mwanza.

Simharamishii mgonjwa mtindi. Daktari aliyekwisha ona potasiamu na fosforasi katika damu yake aweza kumruhusu nusu kikombe, na anayechujwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi, hata mtindi ukapata nafasi katika hesabu yake. Ninalolipinga ni kumnywesha mtu lita nzima kwa siku kwa jina la dawa. Waganga na wauguzi wetu wa Kasulu na Kibondo nao wasimpe mgonjwa karatasi ya majibu wakamwacha aende. Wamwambie, yeye na anayempikia, kiasi cha maziwa anachoruhusiwa, tena kwa kikombe cha nyumbani, si kwa miligramu.