Kipimo cha Mto Tana kikivuka mpaka, kompyuta iseme nini?

NA MWANDISHI WETU

MVUA kubwa inaponyesha katika nyanda za Mlima Kenya na Aberdare, mkazi wa Garsen huenda asione hata wingu. Siku kadhaa baadaye, maji hayo huwa yamepita mabwawa matano ya Seven Forks, yakapita Garissa na Hola, na kufika mlangoni pake. Usalama wake basi hautegemei macho yake bali vipimo vinavyosomwa mbali naye.

Ndiyo maana swali linalodhaniwa kuwa la mafundi wa kompyuta pekee lina uzito mkubwa katika Kaunti ya Tana River. Je, chombo cha kupimia kinapotoa kipimo kilichovuka mipaka yake, programu inayokisoma inapaswa kuripoti nini?

Kwa njia ya zamani, kipimo cha mto ni ubao wenye alama za mita uliosimikwa ukingoni, na mtu wa kuusoma. Maji yakiufunika, msomaji hahitaji shahada kujua la kufanya. Ataandika kwamba ubao hauonekani na kupeleka habari kwa haraka. Vituo vya kisasa hutumia vihisi vya mgandamizo wa maji au vya rada, na habari hutumwa kwa mtandao wa simu au setilaiti. Kati ya kihisi na mfumo endeshi wa kompyuta kuna programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo kazi yake ni kugeuza ishara ya umeme kuwa tarakimu. Kiendeshi, tofauti na msomaji wa ubao, hakina macho.

Tuchukue mfano wa kihisi chenye uwezo wa kupima hadi mita 6, kisha maji yafike mita 7. Kiendeshi kilichoandikwa vibaya kinaweza kukosea kwa njia tatu. Kinaweza kutoa sifuri, na aliye ofisini akadhani mto umekauka. Kinaweza kurudia mita 6 saa baada ya saa, na wakubwa wakafurahi kwamba maji yametulia. Au kinaweza kukitupa kipimo hicho kwa kukiona hakiaminiki, na kunyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Katika delta ya Tana mshindo huo ni wa maji.

Makosa ya namna hii yamegharimu maisha kwingineko. Huko Chernobyl mwaka 1986, vipimo vya mnururisho vilivyokuwa karibu vilikuwa na kikomo cha roentgen 3.6 kwa saa. Sindano ilipofika mwisho, kikomo hicho kiliripotiwa kana kwamba ndicho kipimo chenyewe, ilhali hali halisi ilikuwa mbaya maradufu kwa maradufu.

Kwetu Kenya kidonda kiko karibu zaidi. Mnamo Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilianguka na kuua watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Uchunguzi ulionyesha kwamba kihisi cha kushoto cha kupima pembe ya ndege angani kiliruka hadi nyuzi 74.5, huku cha kulia kikionyesha takriban nyuzi 15. Programu iliamini kihisi kimoja tu na kuisukuma pua ya ndege chini. Baadaye Boeing iliirekebisha ili ilinganishe vihisi vyote viwili.

Funzo ni kwamba tarakimu pekee haitoshi. Wahandisi wa viwandani walilitambua hili zamani. Vihisi vyao vingi hutuma umeme wa kati ya miliampia 4 na 20. Kiwango cha chini kabisa huwakilishwa na miliampia 4, wala si sifuri, ili umeme ukipotea kabisa ijulikane kwamba waya umekatika. Nao watunzi wa mfumo endeshi wa Linux wameweka kanuni inayotenga mambo matatu kwa vihisi vya joto vilivyomo ndani ya kompyuta: kipimo chenyewe, tahadhari kwamba mpaka umevukwa, na taarifa kwamba kihisi kina hitilafu.

Utengano huo ndio unaofaa Garsen. Maji yakivuka uwezo wa kihisi, ripoti iseme wazi: "zaidi ya mita 6, kiwango kamili hakijulikani", pamoja na saa ya kipimo. Kihisi kikiharibika, iseme kimeharibika. Tarakimu ghafi nayo ihifadhiwe, kwani inayoonekana upuuzi leo huenda kesho ikathibitika kuwa kweli.

Wapo watakaopinga kwamba tahadhari nyingi zitawachosha watu. Hoja hiyo ina mashiko. Mkulima wa Kipokomo aliyeacha shamba lake bure, au mfugaji wa Kiorma aliyehamisha ng'ombe bila sababu, hatasikiliza mara ya pili. Lakini dawa yake si kunyamaza. Hitilafu ipelekwe kwa fundi, tahadhari ipelekwe kwa wananchi, na kituo kikizimika wakati wa masika, vipimo vya Garissa na habari za mabwawa zitumike kuamua.

Umuhimu wa habari za juu ya mto ulidhihirika mwaka 2024, maji ya bwawa la Masinga yalipopita kiwango chake cha kujaa cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kipimo kiliendelea kusomeka hata baada ya mpaka huo, wakazi wa chini waliweza kuonywa. Kumbukumbu ya El Nino ya 1997 na 1998, iliyoharibu mradi wa mpunga wa TARDA katika delta, inatosha kuonyesha kwamba Mto Tana hauheshimu mipaka iliyochorwa na wahandisi.

Hivyo basi, serikali inaponunua vituo vipya vya kupimia mito, isiulize tu bei na idadi. Iulize pia kila kituo kitasema nini siku ambayo maji yatakizidi. Siku hiyo ndiyo mkazi wa Garsen atakapokihitaji zaidi.