Musitutafute kwa kelele, mututafute kwa ukweli

Wakubwa wa magazeti ya inchi yetu wako na kilio: ati vijana hawasomi tena. Sasa wanatukimbilia kwenye TikTok na WhatsApp na vichwa vya habari vya kelele, ugomvi wa wanamuziki na picha za mastaa. Sisi vijana tunasema: hapana! Tunasoma. Ni ninyi tu hatuwasomi, na sababu munaijua.

Angalieni Kinshasa, kwa wale wanaoitwa « parlementaires debout ». Kila asubuhi wanasimama mbele ya magazeti ya muuzaji, wanasoma ukurasa wa kwanza, wanabishana mpaka jua linakuwa kali. Vijana wako hapo. Njaa ya habari iko. Lakini nani atoe feza ya mkate kununua habari ambayo mwenye kusifiwa amekwisha kuilipa?

Hapo njo kwenye ugonjwa: coupage. Mheshimiwa anaita waandishi, anasema, mwishoni bahasha inatembea. Kesho yake gazeti limejaa sifa zake. Hatumlaumu kwanza mwandishi anayefanya kazi bila mshahara wa kueleweka. Tunamlaumu mwenye gazeti anayejua na kunyamaza.

Ugonjwa wa pili ni lugha. Katiba ya 2006 inataja lugha 4 za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Magazeti karibu yote yanaandika Kifaransa, na mengi yanakomea Kinshasa. Lakini Radio Okapi inasema na watu kwa lugha hizo zote tangu 2002. Kwa hiyo inawezekana.

Huu si mchezo. Pahali gazeti halifiki, uvumi unafika. Kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 huku Mashariki, Kivu ya Kaskazini na Ituri. Uvumi kwamba ugonjwa ni biashara ulitembea mbio kuliko kweli. Kuna waliokataa chanjo. Kuna waganga walioshambuliwa.

Njo maana tunadai:

1. Mutuandikie pia kwa lugha tunazosema nyumbani na sokoni.
2. Mulipe waandishi wenu, na habari yoyote iliyolipiwa muiite tangazo.
3. Mufuate feza za umma mpaka kwenye kartiye zetu: barabara iliyolipwa na haikujengwa, bomba lisilotoa maji, shule isiyo na mabati.
4. Habari zifunguke kwenye simu ndogo, kwa mega chache.

Ibara ya 24 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema kila mtu anayejua Kifaransa. Haikusema kila mtu mwenye bahasha.

Na sisi vijana, tuko na kazi yetu. Gazeti litakalofanya hivyo, tulinunue, hata kama ni kuchanga watu watano kwa nakala moja. Na audio ambayo hatujui imetoka wapi, isitoke kwenye simu yetu kwenda kwa mwingine.

Munataka vijana? Tuko hapa. Mukuje na ukweli.